Faiba imevuka Mokowe, maelezo yake yamebaki njiani

Boti za faiba zimejaa Lamu sa hizi. Pita ufukweni mwa mji, nenda Shela, nenda Matondoni ambako tangu hapo ni kwa waunda majahazi, fika mpaka Kizingitini, utaziona, za kubeba wageni, za kuvulia, za kuvusha abiria mpaka Mokowe upande wa bara, na kila penye boti ya faiba pana fundi wa kuiziba ikigonga mwamba au ikipasuka ubavu, na kila penye fundi huyo pana chupa. Mara nyingi ni chupa ya soda ya nusu lita, au ya maji ya kununua, haina karatasi wala maandishi, na ndani mna kitu hakina rangi ambacho ukikitupia jicho utasema ni maji. Hio ndio hadena, wengine wanaiita katalisti. Nasema mapema ili tusizungushane: kazi ya faiba ina hatari nyingi na kadhaa ntazitaja, lakini kitu cha kwanza kupigwa vita ni hio chupa.

Hadena ya rezini ya polista, yaani ile gundi nzito inayopakwa juu ya mkeka wa faiba, karibu kila mahali ni methili ethili ketoni peroksaidi, kwa kifupi MEKP. Ni katika jamii ya peroksaidi, yaani vitu ambavyo vimebeba oksijeni yao wenyewe ndani, na hio oksijeni haikutulia, ikipata joto au ikigusana na kitu kisichopatana nayo inaachana na mwenzake na inatoa nguvu. Ndio maana inafaa kazini. Ukiitia kwenye rezini inaachana kidogo kidogo na ndio inayoanzisha ule mnyororo unaoifanya rezini iwe ngumu. Kinachoifanya ifae na kinachoifanya idhuru ni kitu kile kile, kwa hivo hakuna hadena "ya usalama" ya kutafuta dukani, kuna kujua tu namna ya kukaa nayo.

Ikiwa tupu MEKP hulipuka, kwa hivo kiwandani wanaizimua kwa kimiminika cha kuituliza, na ile tunayoiona sisi ni hio iliyozimuliwa. Hailipuki kwa kutikiswa. Inashika moto, na ikishika ni vigumu kuizima kwa kuifunika manake hewa haihitaji sana, inajilisha yenyewe. Na inaunguza mwili, ngozi inaunguza, jicho inaliharibu vibaya zaidi, tumbo ndio usiseme. Watu wengi wanajua petroli inawaka na wanajua asidi ya betri inakula nguo, lakini kitu kimoja kinachofanya yote mawili na kinaonekana maji, hicho hatujakizoea.

Kuna tukio la Tokyo la Julai 1964 ambalo ni vizuri mtu wa kazi hii alijue. Ghala la kemikali mtaa wa Shinagawa lilishika moto, zimamoto wakafika kuuzima, na moto ulipoifikia MEKP iliyokuwa imewekwa pale ikalipuka, wakafa watu 19 waliokuwa wakipambana na ule moto. Hao walikuwa watu wa kazi yao, na hawakujua upande wa pili wa ghala kuna nini. Sisemi nusu lita ya Matondoni ni ghala la Tokyo. Nasema kilichowaua ni kutojua kilichomo, na sisi hapa tunakiondoa kile kijikaratasi kinachosema kilichomo kwa mikono yetu.

Kwani kinaondolewa vipi? Hesabu yenyewe ndio inaleta. Kilo moja ya rezini inataka gramu 10 mpaka 20 za hadena, basi. Galoni ya kilo 5 ya hadena inatosha rezini kilo 250 mpaka 500, na fundi wa Lamu anayeziba tundu moja leo na jengine wiki ijayo hana haja nayo wala hana pesa ya kuiweka ikae. Kwa hivo dukani Mombasa inafunguliwa galoni, inamiminwa kwenye chupa yoyote iliyopo, anauziwa kidogo kama anavouziwa mtu mafuta ya taa, na chupa inatiwa kwenye mfuko mmoja na mkeka wa faiba na brashi, inapanda basi, inashuka Mokowe, inapanda boti na watu. Kila aliyeigusa njiani hakujua ameshika nini. Na mwenye duka ukimuuliza atakwambia anamsaidia fundi, na ni kweli anamsaidia bei, lakini alichomnyima ni kikubwa kuliko alichompunguzia.

Angalia anachonyimwa, na hapa ndio nataka tusimame kidogo.

Cha kwanza ni kifuniko. Galoni ya kiwandani ya MEKP haina kifuniko cha kawaida, ina kifuniko kinachopumua. Hadena hata ikikaa tu inaachana kidogo kidogo na inatoa gesi, na gesi hio inatakiwa itoke. Chupa ya soda imetengenezwa kuzuia gesi isitoke, ndio kazi yake. Sasa iweke hio chupa juu ya sitaha mchana wa kaskazi, au ndani ya boksi la bati chini ya jua, alafu uiache siku mbili. Inafura. Fundi anaikuta imefura, anaishika, anaifungua uso wake uko juu yake, na hapo ndipo jicho linapokwenda. Watengenezaji wengi wanataka ikae chini ya nyuzi 30, na ikikaribia 60 inaweza kuanza kuachana yenyewe kwa kasi ambayo huizuii tena. Nyuzi 30 kwetu mwezi wa tatu ni kivulini, boksi la bati juani ni habari nyengine kabisa.

Cha pili ni ile lebo, ambayo ukiisoma utaona vitu ambavyo fundi hawezi kuvikisia kwa akili hata awe hodari vipi. Kwamba usiipime kwa kikombe cha chuma wala shaba, manake kutu na shaba zinaichochea, tumia plastiki au glasi. Kwamba iliyobaki kwenye kipimo usiirudishe galonini. Kwamba isichanganywe na asitoni, na asitoni iko pale pale mkononi kwa kuoshea brashi, na kuna wanaoiongeza kwenye hadena wakidhani wanaifanya nyepesi. Kwamba kobalti, ile dawa ya zambarau ya kuharakisha, isikutane na hadena moja kwa moja hata tone, zikikutana zinawaka au zinalipuka papo hapo. Kama rezini yako haikuja na kobalti ndani, unaitia kobalti kwanza, unakoroga mpaka ienee yote, alafu ndio hadena, na vyombo vyake viwili visikae rafu moja. Mtu atayajuaje haya? Hayanusiki, hayaonekani. Yameandikwa tu, na palipoandikwa pamebaki Mombasa.

Cha tatu ni mtoto. Karakana zetu si kiwanda chenye geti, ni ufukweni, watoto wanacheza chini ya boti, wanapita wakitoka madrasa, jua kali, kiu, na chupa ya maji iko pale juu ya gogo. Kunywa hadena ni kuungua kuanzia mdomo mpaka tumbo, na anayepona anaweza kubaki na koo au tumbo lililosinyaa kwa makovu. Ikitokea, asitapishwe, manake itamuunguza mara ya pili ikipanda, asukutue mdomo na apelekwe hospitali mbio, na galoni yake iende naye ili daktari aone ni nini. Sasa fikiria unampeleka na chupa ya soda isiyo na jina, daktari atajuaje anatibu kitu gani?

Na jicho. Hili ntalisema wazi manake ndilo linaloweza kumpata fundi siku ya kawaida kabisa, tone limeruka wakati wa kumimina, upepo wa kusi umelisukuma. MEKP jichoni inaweza kupofusha, na madhara yake yanaweza kuendelea hata baada ya maumivu kutulia, kwa hivo mtu asidanganyike kwamba imepoa. Dawa yake ya kwanza ni maji, maji masafi mengi, hapo hapo, kope zimefunguliwa, dakika 15 kwa uchache bila kukatiza, alafu hospitali. Neno kubwa ni hapo hapo. Kutoka Faza au Kizingitini mpaka hospitali ya King Fahd hapa mjini ni safari ya bahari, na kama maji yametoka kwenye Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari wa kupitia, unasubiri, jicho halisubiri. Dumu la lita 20 la maji matamu, limejaa, limekaa hatua tatu kutoka anapochanganyia, lina thamani kuliko boti ya mwendo kasi iliyofungwa gatini. Na miwani ya plastiki ya kufunika macho pande zote haifiki bei ya kilo chache za rezini.

Sasa tuje kwenye ndoo. Rezini yenyewe imejaa staireni, ndio ile harufu kali inayokaba, na mvuke wa staireni unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 hivi. Yaani kwetu, mchana, rezini iliyo wazi ishafika au inakaribia pale ambapo cheche moja inatosha. Asitoni ndio zaidi, mvuke wake unawaka hata kwenye baridi ya barafu. Na mvuke wa zote mbili ni mzito kuliko hewa, hauruki juu ukaenda zake, unatambaa chini, unajikusanya ndani ya tumbo la boti ambako kijana amejikunja anapaka, na unaweza kutembea mpaka lilipo jiko la kahawa. Watu wanasema sisi tunafanya kazi nje, upepo upo. Upepo upo nje ya boti. Ndani ya boti chini ya sitaha hakuna upepo, kuna kichwa kuuma na kizunguzungu, na staireni hio tangu 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii mvuke wowote, kinazuia vumbi la kupiga msasa tu na hata hilo si lote.

Alafu ukishatia hadena, rezini inatoa joto lake yenyewe. Ikiwa imetandazwa nyembamba juu ya mkeka joto linatawanyika, hakuna shida. Ikiwa imekaa nyingi ndani ya ndoo joto halina pa kwenda, linaichochea zaidi, inazidi, linapita nyuzi 100 kwa urahisi, inatoa moshi, ndoo inayeyuka, na inaweza kuwaka. Hapa msimu unaingia: wakati wa kusi na mvua rezini inachelewa kukauka, fundi anaongeza mkono wa hadena, anazoea mkono huo, kaskazi ikiingia anaendelea nao. Ndoo kubwa, hadena nyingi, jua la mwezi wa tatu, mwenye boti amesimama anataka boti yake kesho. Dawa yake ni kuchanganya kidogo kidogo kiasi cha kumalizika kabla haijaanza kuganda, na kupima kwa kipimo sio kwa jicho. Na kuzidisha hadena hakuifanyi faiba iwe imara zaidi, kunaidhoofisha, kama vile kuipunguza kupita kiasi kunavoiacha haijaiva, kwa hivo hata anayejali pesa tu na hajali macho ya mtu ana sababu ya kununua kipimo. Ndoo ikianza kuwa ya moto ghafla itoe nje mapema, iweke juu ya mchanga mbali na kila kitu. Ikishatoa moshi usiinamie, hamia upande upepo unakotoka.

Na mbali na kila kitu kwetu sisi ni neno gumu, manake kila kitu chetu ni makuti na mbao. Karakana ya Matondoni ina maranda na unga wa mbao sakafu nzima, na fundi akimwaga hadena kitu cha kwanza mkono wake unachokimbilia ni kuzoa unga wa mbao amwagie juu, ndivo alivofundishwa kwa mafuta na rangi miaka yote. Kwa hadena hilo ndilo la kutofanya kabisa. Unga wa mbao, matambara, karatasi, vikilowa peroksaidi vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe baada ya kitambo, usiku, hakuna mtu. Iliyomwagika inafunikwa kwa mchanga, inalowanishwa maji mengi, inazolewa kwa plastiki, inatolewa nje. Mchanga tunao, Mungu ametupa. Faza iliungua 2009, mamia ya nyumba, familia nyingi zikalala nje, na chanzo chake hakihusiani na faiba hata kidogo, nakitaja kwa sababu kila mtu wa visiwa hivi anajua moto ukishapanda makuti na upepo ukiwa upande wake hakuna wa kuusimamisha, na vichochoro vyetu havipitishi gari la zimamoto.

Nishaskia watu wakisema lawama ni ya vijana, hawaskii, hawavai glavu, wanavuta sigara kazini. Sikubaliani na hilo. Wazee wetu waunda majahazi walikuwa na moto kazini, walikuwa na deheni ya kupaka chombo inayochemka, na walijua kila hatari yake kwa sababu ujuzi ulikuja pamoja na kazi, kijana alianza kwa kusokota pamba ya kalafati ya kuziba mianya ya mbao miaka mingi kabla hajaachiwa shoka. Faiba haikuja hivo. Imekuja haraka, mbao zimepanda bei, mikoko ilifungwa 2018 pamoja na marufuku ya kukata miti nchi nzima, na bandari mpya ya Lamu imewasukuma wavuvi kutafuta maji ya mbali zaidi, mpaka Mahakama Kuu ya Malindi mwaka huo huo wa 2018 ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mvuvi anayekwenda mbali anataka boti nyepesi yenye mashini, na hio leo ni faiba. Kazi hii mwalimu wake hakuwa mzee wa karakana, mwalimu wake alikuwa ile karatasi iliyobandikwa kwenye galoni. Ukiibandua umemfukuza mwalimu, alafu unamlaumu mwanafunzi.

Na sheria ipo. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kemikali ya hatari iwe na lebo na iambatane na karatasi ya maelezo ya usalama kutoka kwa anayeiuza, na haimwachi nje anayejiajiri mwenyewe. Kwa hivo anayemimina hadena kwenye chupa ya soda anavunja sheria tayari, hatuhitaji sheria mpya, tunahitaji wakaguzi wapite madukani, na waanze na muuzaji sio na fundi. Kumvamia fundi ufukweni ni rahisi na hakutibu kitu, kesho atanunua chupa ile ile.

Kuhusu bei, najua ndipo watu watanijibu. Hadena inafungwa kiwandani pia kwa vifungashio vidogo, vyenye kifuniko chake na lebo yake, ghali kidogo kwa gramu, sikatai. Muuzaji avilete hivo. Mafundi wa ufuo mmoja wanaweza pia kuchanga wakanunua galoni moja nzima chini ya BMU yao, yaani kikundi chao cha usimamizi wa ufuo, ikakaa mahali pamoja penye kivuli na kufuli, mbali na rezini na kobalti, kila mmoja akachukua kipimo chake cha siku hio kwenye kichupa cha plastiki cha kazi hio tu, chenye jina, na kilichobaki kisilale nyumbani kwa mtu. Na lebo itafsiriwe, hadena, hatari ya moto, inaunguza macho, usichanganye na kobalti wala asitoni, ibandikwe kwa Kiswahili ubavuni mwa galoni na ukutani. Kaunti inaweza kuchapisha hizo karatasi bila hata kufanya semina.

Wenye boti za wageni nao wasijitoe. Kuanzia mwezi wa kumi boti zinapandishwa ufukweni kwa wingi zitengenezwe kabla msimu wa Disemba, na anayeamua kasi ya kazi ni wao. Mwenye boti anauliza bei, anauliza lini, aulize pia hadena iko kwenye nini, na bei ya miwani, glavu za naitraili na dumu la maji iingie kwenye hesabu ya kazi, isitoke mfukoni kwa kijana anayelipwa kwa siku.

Alafu kuna ule mvuko wa Mokowe. Manahodha wetu hawakatai kubeba petroli, wanajua inakaa wapi na nani asivute sigara karibu yake. Hadena nayo wapewe wakijua. Iwe kwenye galoni yake, wima, kivulini, mbali na injini na tangi la petroli, isiwe mfuko mmoja na rezini wala kobalti, na aliyeileta amwambie nahodha kabla kamba haijafunguliwa kwamba hii ni hadena, ikimwagika ni maji mengi na hakuna moto.